Kilo Zangu 100 Zilikuwa 82

Mama mwenye mizani alinitazama mimi, akatazama mzigo uliokuwa ukishushwa kwenye bajaji, akauliza: "Hawa nao ni dagaa wa wapi, mwanangu?"

Ilikuwa Kibirizi, kwenye soko la dagaa hapa Kigoma, saa 1 asubuhi. Mitumbwi iliyokesha ziwani na taa zake ilikuwa imeshaingia, dagaa wanamwagwa, bei zinapigiwa kelele. Katikati ya vurugu ile nimesimama mimi na sahani 6 za zege za kunyanyulia uzito, zilizofungwa mkanda wa bati, kila moja imeandikwa 20 kwa rangi nyekundu. Nilikuwa pia na chuma cha mita 2 na sentimita 20, ambacho njia nzima kutoka Mwanga kilikuwa kimetokeza nje ya bajaji pande zote mbili kama mabawa, dereva akilalamika kila tulipopishana na gari.

"Shikamoo mama. Naomba kupima tu. Nitalipia."

"Marahaba. Weka hapo. Ila zege haliliwi, nakwambia mapema."

Mizani yake ilikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo, ndiyo maana nilimfuata yeye. Akawa anasoma kwa sauti ileile anayosomea magunia ya wateja, na watu wakaanza kusogea. 18.4. 17.1. 19.2. 16.5. 18.0. 17.6. Hakuna hata moja iliyofika 20. Tukakining'iniza na chuma chenyewe, ambacho kwa miaka yote nilikuwa nakihesabu kuwa kilo 20 kwa sababu kwenye video zote chuma kitupu ni kilo 20. Kilo 11.

Nilijumlisha palepale kwenye simu. Kile nilichokuwa nakiita kilo 100, yaani sahani 2 kila upande na chuma, kilikuwa 82.2. Na ile 140 niliyoivuta kutoka chini siku ya pili ya Idi, watu wakapiga makofi, picha ikaenda hadi kwa shemeji yangu Kasulu, ilikuwa 117.8.

Tumezoea kulalamikia lumbesa, gunia linalouzwa kwa jina la gunia moja huku limebeba gunia na nusu. Mimi nilikuwa nimetengeneza lumbesa ya kinyumenyume, na niliyemwibia ni mimi mwenyewe.

Nirudi nyuma kidogo, maana sikwenda Kibirizi kutafuta aibu. Nilikwenda kutafuta dawa ya nyonga.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda, mara mojamoja kiunzi cha paa. Nyuma ya karakana yangu pana uwanja mdogo wenye mwembe, na chini ya mwembe ule ndipo ilipo jimu yetu. Haina jina wala kiingilio. Ukija unapiga chuma, ukimaliza unarudisha kila kitu mahali pake. Mwanzo tulikuwa kama vijana wote wa mjini, kifua na mikono, kifua na mikono, miguu itajijua. Halafu mmoja wetu akaanza kuleta video za pawalifti na tukahama taratibu.

Kwa asiyeujua, mchezo huu ni vitu 3 tu. Skwati: chuma kiko mabegani, unachuchumaa nacho, unasimama nacho. Benchi: unalala chali, unakishusha kifuani, unakisukuma. Dedlifti: chuma kiko chini, unakivuta mpaka umesimama wima. Mashindanoni unapewa nafasi 3 kwa kila kimoja, kilo zako bora za kila kimoja zinajumlishwa, na jumla hiyo ndiyo inayokupanga. Waamuzi wako 3, kila mmoja na taa yake. Nyeupe 2 zikiwaka umepata. Nyekundu 2 zikiwaka hujanyanyua kitu, hata kama uwanja mzima ulisimama. Shirikisho lake la kimataifa, IPF, lipo tangu 1972. Si ule unyanyuaji wa Olimpiki ambao chuma kinarushwa hadi juu ya kichwa. Huku mambo ni ya polepole zaidi, na mazito zaidi.

Basi, mimi nyonga ya kushoto ikaanza kuuma. Si maumivu ya kulazwa, ni yale ya kukukumbusha kila unapoinama kuokota elektrodi. Kila mtu pale mwembeni akawa daktari. Wa kwanza akasema mguu wa kushoto ni dhaifu, fanya mazoezi ya mguu mmoja. Wa pili akalaumu viatu. Wa tatu alitaka nikandwe na mafuta ya moto ya mise, yale ya kokwa za mchikichi. Nilimsikiliza wa kwanza, nikafanya mguu mmoja kwa miezi 8, na bado nilipochuchumaa nyonga ilikimbilia kushoto.

Aliyenifungua macho ni dogo mmoja wa chuo aliyekuwa likizo. Alinipiga video kwa nyuma, akaniletea simu.

"Fundi, mbona chuma chenyewe kimelala upande?"

Kweli kilikuwa kimelala. Mwisho wa kulia ulikuwa chini kuliko wa kushoto, kila raundi ya kushuka na kupanda, tangu ninapokitoa kwenye stendi. Nikamjibu kwamba ndiyo hiyo nyonga tunayoizungumzia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa heshima zote, "Au ni mawe yenyewe, Fundi?"

Mawe ndivyo tunavyoziita zile sahani, kama mawe ya mizani ya dukani. Na hakuna aliyewahi kuyapima. Nilipoyamwaga nilitumia ndoo: ndoo ndogo moja ya zege, jiwe moja, naandika 20. Mengine yalipata kokoto nyingi, mengine mchanga, mengine nilichoka nikajaza pungufu. Upande wa kulia wa chuma una nundu ya weldi niliyoona uvivu kuisaga, kwa hiyo yaliyoingia kirahisi upande ule ni yale mawili yenye tundu pana, nikazoea kuyaanza hayo. Yale mawili ndiyo 18.4 na 19.2. Kushoto yalikuwa yakikaa 17.1 na 16.5. Kulia 37.6, kushoto 33.6. Kilo 4 nzima za tofauti, juu ya uti wa mgongo, mara tatu kwa wiki.

Mzigo ukizidi kulia, mwili haukuombi ruhusa. Unasogeza nyonga kushoto ili jumla ya uzito ibaki katikati ya nyayo. Nyonga yangu haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inafanya kazi yake, na mimi nilikuwa naiadhibu kwa kazi hiyo.

Nikawa mtu wa kupima kila kitu. Nilichukua pima maji nikaiweka pale tunaposimamia: sakafu ilikuwa imelala kuelekea mferejini, kama vilima vyote vya mji huu vinavyolala kuelekea ziwani. Tukamwaga zege jipya, mita 2 na nusu kwa mita 2 na nusu, nikalipitisha pima maji pande zote kama nasimika geti la tajiri.

Sasa nianze na skwati, ambako aibu iliendelea.

Sheria inasema hivi: sehemu ya juu ya paja, pale nyonga inapokunjika, lazima ishuke chini ya sehemu ya juu ya goti. Kufika usawa tu hakutoshi. Nilikuwa naamini nashuka. Kila mtu anaamini anashuka. Simu ukiiweka mbele yako haioni kitu. Iweke ubavuni, usawa wa goti, juu ya ndoo au kigoda, halafu utazame kwa utulivu ukiwa umeshapumua. Katika raundi 5 nilizopiga siku hiyo hakuna hata moja ambayo mwamuzi angewasha nyeupe. Kumbe zile kilo 100 si tu zilikuwa 82, zilikuwa 82 za nusu safari.

Kuna watu husema viungo vyao haviruhusu kushuka. Wapo kweli, wenye vifundo vya miguu vikavu, na hao viatu vyenye kisigino kigumu kilichoinuka vinawasaidia sana. Lakini mtu aliyekulia na choo cha kuchuchumaa, anayekaa mle na gazeti, hana haki ya kuniambia hajui kushuka. Kina anacho. Anakipoteza chuma kikikaa mabegani kwa sababu ya woga, na woga wenyewe una sababu: hajajifunga.

Kujifunga huku ni kwa pumzi, na ndiko kulikobadilisha skwati yangu kuliko jambo lingine lolote. Hapa Kigoma kila mtu anajua dumu la mawese la lita 20. Dumu tupu ukilikanyaga linabonyea. Dumu lililojaa likafungwa mfuniko unaweza kusimama juu yake ukabadilisha balbu. Plastiki ni ileile. Tumbo ni dumu. Kabla hujashuka unavuta pumzi ndefu, unaipeleka chini, tumbo linatanuka mbele, pembeni hadi kiunoni nyuma, kisha unalikaza pande zote kama mtu anayesubiri ngumi, unafunga mfuniko, ndipo unashuka. Pumzi unaitoa ukishapita pale pagumu wakati wa kupanda. Mkanda mnaoona wanyanyuaji wamevaa haushikilii mgongo kama wengi wanavyodhani. Unalipatia tumbo kitu cha kusukumana nacho. Ukiuvaa bila pumzi ni pambo. (Mwenye shinikizo la damu aongee na daktari kwanza. Kubana pumzi chini ya mzigo kunapandisha presha kwelikweli.)

Mengine niyapitishe haraka. Chuma unaweza kukiweka juu, kwenye msuli chini ya shingo, au chini kidogo, nyuma ya mabega. Cha chini kinakuinamisha zaidi na kuipa nyonga kazi kubwa. Mimi nimechagua hicho kwa kuwa mapaja yangu ni marefu. Ukikitoa kwenye stendi rudi hatua 2 au 3, basi, usitembee nacho kama bwana harusi. Magoti yafuate uelekeo wa vidole. Wakati wa kupanda, makalio yasitangulie mabega. Yakitangulia umeshageuza skwati kuwa kitu kingine ambacho mgongo utakulipisha. Na vua raba zenye soli ya sponji. Kunyanyua ukiwa juu ya sponji ni kama kujenga juu ya godoro. Mimi nanyanyua pekupeku, ingawa mashindanoni huruhusiwi kuingia pekupeku.

Benchi sina mengi ya kusema, kwa sababu nusu ya kosa nililiondoa kwa grenda.

Niliitengeneza benchi ile kwa macho, nikijilinganisha na meza ya fundi cherehani jirani. Urefu wake kutoka chini ulikuwa sentimita 53. Vipimo vya mashindano ni kati ya 42 na 45. Matokeo yake wote tulikuwa tunalala miguu ikining'inia au tukisimamia ncha za vidole, na tukashangaa kwa nini tunaambiwa miguu inasukuma wakati sisi haisukumi kitu. Nilikata miguu ya benchi sentimita 9, nikaweka ubao mpana wa sentimita 30 badala ya ule wa 20 uliokuwa unatuacha mabega hewani. Siku ileile watu 3 waliongeza kilo. Hakuna aliyeongeza nguvu.

Nusu ya pili ni kusimamisha chuma kifuani. Kwenye mashindano hukidundishi. Kinashuka, kinatulia kabisa juu ya kifua, mwamuzi ndiye anatoa amri ya kusukuma. Tulipoanza kufanya hivyo kila mmoja alipoteza kilo 10 hivi, na mmoja wetu aliacha kuja kwa wiki 2. Bila kudunda unalazimika kujenga kitanda: vuta makombe ya mabega nyuma na chini kana kwamba unataka kubana kalamu katikati yake, yaache hapo mpaka mwisho, kaza makalio bila kuyainua kwenye ubao, sukuma ardhi kwa nyayo. Chuma kikae kwenye kitako cha kiganja, juu ya mfupa wa mkono, si kwenye vidole. Kigusie chini ya chuchu, viwiko visitanuke kama mbawa za kuku anayekaushwa. Kinapopanda kinarudi kidogo kuelekea usawa wa mabega. Hakipandi kama lifti. Mikono isitanuke zaidi ya sentimita 81 kati ya vidole vya shahada, na dole gumba lazima lizunguke chuma. Tangu 2023 wameongeza kwamba viwiko vishuke angalau hadi usawa wa juu wa bega, kuwazuia wale waliokuwa wanapinda mgongo kama upinde wakawa wanasukuma kimo cha kiberiti.

Na usilale chini ya chuma peke yako. Kiswahili kilishatupa neno: mshikaji. Awepo, asimame kichwani pako, na asiguse chuma mpaka umwite.

Sasa dedlifti. Hapa ndipo nilipokuwa na kiburi zaidi na hapa ndipo nilipojifunza taratibu zaidi.

Sahani ya mashindano, kubwa yake, ina kipenyo cha sentimita 45. Maana yake chuma kinapokuwa chini kinakaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Mawe yangu ya zege yana kipenyo cha 36. Chuma changu kilikuwa kinakaa 18. Sentimita 4 na nusu zinaonekana si kitu, ni upana wa vidole vitatu hivi, lakini kwa mtu mwenye mapaja marefu na nyonga isiyokunjika sana ndizo zinazoamua kama utaanza mgongo ukiwa bapa au ukiwa umepinda kama kulabu. Nilitazama video zangu za miaka 2. Raundi zote nilianza nimepinda. Watu walinipa ushauri wa kila aina kuhusu mgongo, toa kifua, tazama juu, kaza kiuno, na mimi nilijitahidi kuyafuata yote nikiwa nimesimama mahali pasipowezekana.

Dawa ilikuwa mbao 2 za mbili kwa sita zilizobaki kwenye kenchi ya jirani. Moja chini ya mawe ya kulia, moja chini ya mawe ya kushoto. Chuma kikapanda hadi kama sentimita 23. Nikainama, nikakishika, nikaona mgongo umejinyoosha wenyewe bila kuambiwa.

Baada ya hapo ndipo ushauri unapoanza kuwa na maana. Simama chuma kikiwa juu ya katikati ya wayo wote, kisigino kikihesabiwa. Kwa wengi ni pale kamba za viatu zinapofungwa. Inama ukishike bila kukisogeza. Leta mifupa ya ugoko mbele mpaka iguse chuma, ndipo uinue kifua. Usikae chini kama unachuchumaa, hii si skwati. Makwapa yabane kama mtu aliyeficha noti chini ya kila kwapa na yuko kwenye daladala iliyojaa. Mikono ni kamba tu, haikunjwi. Chuma kipande kikikwaruza miguu, kwa sababu kila sentimita kinayokwenda mbele yako inaongeza mzigo kiunoni bila kuongeza kilo hata moja.

Kisha kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa mpaka siku moja nilipokuwa stesheni nikisindikiza mgeni. Reli ya kati inaishia hapa kwetu tangu 1914, na tumeiona treni ikiondoka mara nyingi hadi hatuitazami tena. Siku hiyo niliitazama. Injini haichomoki na mabehewa yote kwa mkupuo. Inasogea kidogo, behewa la kwanza linajibu, la pili, la tatu, mlio unakwenda ka, ka, ka mpaka nyuma kabisa, ulegevu wote umekwisha, ndipo treni nzima inaondoka kama kitu kimoja. Mimi nilikuwa napiga chuma mshtuko. Nainama, nahesabu, nakurupuka. Mikono inanyooka ghafla, mabega yanavutwa mbele, mgongo unapinda kabla jiwe halijaacha ubao. Sasa navuta kwanza ulegevu: mikono inakaza, mabega yanakaza, chuma kinapinda kidogo sana katikati na unasikia kikigusa tundu za mawe upande wa juu. Tik. Hapo ndipo nasukuma ardhi kwa miguu. Nasukuma ardhi, sivuti chuma. Kwa nje ni jambo lilelile, ila mwili unalielewa tofauti.

Kuhusu mshiko, tulikuwa tunateleza sana kwa sababu wawili wetu wanakamua mawese na mikono yao haikauki kamwe. Wenzetu wa mashindano hupaka mikononi unga mweupe wa magnesiamu kaboneti. Sisi tulijaribu chaki ya ubaoni, ikawa mbaya zaidi. Sabuni, kitambaa kikavu, na kukwangua kutu iliyolainika kwenye chuma vilitosha. Kwenye kilo nzito nageuza kiganja kimoja mbele na kingine nyuma, nikibadilisha upande kila siku, na mkono uliogeuzwa sithubutu kuukunja hata kidogo, maana huo ndio msuli wake wa juu unaoweza kuchanika.

Pale Kibirizi, wakati nasubiri bajaji ya kurudi, niliwatazama wapagazi. Kijiweni husemwa sana kwamba wao hawajasoma tekniki yoyote na wanabeba gunia la kilo 100. Tazama vizuri. Hakuna mpagazi anayeliokota lile gunia chini peke yake. Anatwikwa. Wawili wanaliinua, yeye anaingia chini yake akiwa karibu wima, na akifika anatuliwa au analimwaga. Lugha yenyewe imegawanya kazi: kutwika, kubeba, kutua. Wao ni mabingwa wa kubeba. Dedlifti ni lile eneo ambalo wao, kwa akili kabisa, wamekataa kulifanya peke yao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo, lakini ukiutazama kwa makini unaona hata namna ulivyopandishwa.

Yupo Mmarekani mmoja, Lamar Gant, ambaye katika miaka ya 1980 alivuta dedlifti mara 5 ya uzito wa mwili wake, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda. Namtaja si kwa ajili ya kutiana moyo. Namtaja kwa sababu ukitazama mwili wake unaelewa kwamba hakuna picha moja ya dedlifti sahihi ya kubandikwa ukutani. Mikono yake mirefu ilikuwa inafika karibu na magoti chuma kikiwa juu. Mapaja yangu, mikono yako, nyonga ya dogo wa chuo, kila mmoja ana pembe zake. Kinachobaki kwa wote ni chuma juu ya katikati ya wayo na mgongo usiobadilika umbo njiani.

Nilishusha kilo. Nilianza skwati na 60 za kweli, kina kamili, mbele ya vijana walioniona na "100". Si rahisi. Siku ya kwanza mmoja aliuliza kama naumwa. Niliongeza kilo 2 na nusu kwa wiki, wiki nyingine sikuongeza, raundi 5 au 3 kwa seti, mara chache sana moja. Nyonga iliacha kuuma kwenye wiki ya tatu, na sikufanya tena zoezi la mguu mmoja hata siku moja.

Halafu nikaanza kutengeneza mawe ya haki. Hesabu niliifanya kwenye ukuta wa karakana kwa chaki ileile iliyotushinda: pleti ya chuma ya milimita 16, ukikata duara la sentimita 45 na tundu la sentimita 5 katikati, inakupa kilo 19.7. Nilipata chuma chakavu cha unene huo, nikakata 4, nikasaga kingo, nikaisaga na ile nundu ya weldi kwenye chuma cha zamani hata kama hakitumiki tena. Chuma kipya nimekitengeneza kwa shafti ya milimita 28 na mikono minene pembeni, nikapunguza na kuongeza mpaka kikafika 20.

Wenzangu hawakufurahi wote. Mmoja alikataa kabisa. Aliniomba yale mawe 2 ya 16.5 na 17.1, akayabeba kwa baiskeli hadi kwake Gungu, na nasikia yamewekwa sebuleni, rangi nyekundu imepakwa upya, 20 inasomeka hadi barabarani.

Mapya niliyapeleka Kibirizi kwa mama yuleyule. Alikuwa amesahau jina langu lakini hakusahau zege. Akatundika la kwanza, akasubiri namba itulie.

"Kumi na tisa nukta saba."

"Ndiyo, mama. Ndivyo hesabu ilivyosema."

"Bado gramu mia tatu, mwanangu," akasema, akilishusha. "Mimi nikimpunja mteja gramu mia tatu, harudi."

Jioni ile niliwasha mashine, nikachomelea pete ya chuma kuzunguka tundu la kila moja.